NANI ANATUANDIKIA KININI?

Katika toleo hili tunataka kueleza jambo moja linalotugusa wote hapa Miti, wadogo kwa wakubwa: dawa tunazokunywa, na mtu anayetuchagulia hizo dawa. Tunaomba msome mpaka mwisho hata kama maelezo ni marefu kidogo, sababu si hadithi ya mbali. Ilianza ndani ya bweni letu.

Muhula uliopita mdogo wetu mmoja wa mwaka wa pili alishikwa na homa siku ya Alhamisi usiku. Asubuhi sisi tunaochunga bweni tulikaa tukashauriana. Kituo cha afya tunakijua wote, lakini tulisema: kule kuko mstari mrefu, tena wataomba pesa ya fishi mbele ya kumwangalia. Basi tukachanga franga, huyu mia tano, yule mia mbili, tukamtuma mmoja wetu ku barabara, kwenye nyumba moja iliyochorwa msalaba wa kijani. Mazungumzo yao yalikuwa hivi:

— Mgonjwa anauma nini?
— Homa na kichwa, tena anatapika.
— Uko na franga ngapi?
— Elfu tano.
— Basi, nitakupangia ya elfu tano.

Njo hivyo tu. Muuzaji hakuuliza umri wa mgonjwa, wala kilo zake, wala kama alikuwa amekwisha kunywa dawa nyingine. Alifunga aina tatu za vidonge ndani ya karatasi ya daftari. Baadaye tulikuja kujua kwamba aina ya kwanza ilikuwa ya kutuliza maumivu. Ya pili ilikuwa antibiotiki, ambayo haiwezi kuua mdudu wa malaria anayetuletea homa hapa kwetu. Ya tatu ilikuwa dawa ya malaria kweli, lakini ya siku moja tu, wakati dozi nzima ni ya siku tatu. Elfu tano ziliishia pale.

Siku ya Mungu, wakati wengine walikuwa katika ibada, mdogo wetu hakuweza tena kusimama. Alianza kusema maneno yasiyo na maana, na mkojo wake ulikuwa mweusi sawa kahawa. Tulimpandisha kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, tukakimbia hospitali. Ilikuwa malaria kali. Alichomwa sindano za artesunati, akawekwa damu, na kwa neema ya Mungu alirudi kati yetu baada ya siku kumi. Lakini kuna swali ambalo munganga alituuliza pale mlangoni, akishika ile karatasi ya daftari mkononi: "Nani aliandika hizi dawa?"

Hatukuwa na jibu, sababu hakuna mtu aliyeziandika. Elfu tano ndizo zilizoandika.

Tangu siku ile tumeuliza wauguzi, tumeuliza mwalimu wetu wa kemia, tumesoma. Na tulisikia kwamba katika nchi nyingi za dunia kuna mazungumzo makubwa: je, mtu wa farmasi apewe ruhusa ya kuandikia wagonjwa dawa, au abaki kutoa tu zile ambazo munganga ameandika? Na kama akipewa, asome nini kwanza? Haya ndiyo tunataka kuwaeleza.

1. TUFAHAMU MANENO KWANZA

Kuandikia dawa na kutoa dawa ni kazi mbili. Anayeandikia ni yule anayemsikiliza mgonjwa, anampima, anatafuta jina la ugonjwa, kisha anaandika: dawa fulani, kipimo fulani, mara ngapi kwa siku, siku ngapi. Karatasi ile tunaiita ordonansi. Anayetoa ni yule anayeisoma ile karatasi, anahakikisha haina kosa, anatafuta dawa nzuri isiyopita muda, na anamweleza mgonjwa namna ya kuinywa.

Mfamasia, yule tunayemuita farmasieni, ni mtu aliyesoma dawa kwenye chuo kikuu. Si kila mtu anayesimama nyuma ya meza ya farmasi ni mfamasia. Wengi wetu tunadanganyika hapo. Tunaona koti jeupe na msalaba wa kijani, tunasema "munganga". Mara nyingi yule ni kijana aliyeachiwa duka na mjomba wake. Anajua bei za dawa zote. Kazi zake hazijui.

Tena tukumbuke kwamba sisi watu wa Kivu hatuko wageni katika mambo ya dawa. Hapa kwetu kidonge chochote, hata cha kichwa, hata cha minyoo, tunakiita "kinini". Jina lile limetoka kwa dawa moja ya malaria, inayotoka katika maganda ya mti wa kinkina. Mti ule ulipandwa katika milima yetu tangu wakati wa Wabeleji, na kule Bukavu kampuni ya Pharmakina imetengeneza kinini miaka na miaka. Kwa hiyo dawa iliota katika udongo wetu, jina lake likaingia katika lugha yetu. Hata hivyo, kuwa na dawa karibu hakutoshi. Kinini chenyewe kikizidishwa kinafanya masikio yalie na sukari ya damu ishuke, na mtu anaweza kufa nacho.

2. HAPA KWETU NANI ANA RUHUSA?

Katika Congo yetu, sheria ya kwanza kubwa juu ya kazi ya farmasi ni ya mwaka 1933, wakati wa ukoloni. Chama cha kisheria cha wafamasia, kinachoitwa Ordre, kiliundwa mwaka 1991. Mnamo Desemba 2018 nchi ilipata sheria mpya ya afya ya watu wote, na mwaka 2020 iliundwa ofisi ya kuangalia dawa inayoitwa ACOREP. Katika mpango huo kazi ya kuandikia ni ya munganga. Mfamasia anatoa na anachunga.

Lakini wasomaji watatuuliza: "Mbona kwenye kituo cha afya ni muuguzi anayetuandikia?" Swali ni zuri, na jibu lake linatusaidia kufahamu mambo yote mengine.

Nchi yetu imegawanywa katika zone za afya zaidi ya mia tano. Sisi tuko katika zone ya Miti-Murhesa. Kila zone ina hospitali yake kubwa na vituo vyake vya afya. Waganga hawatoshi kuwa kwenye kila kituo, basi kituo kinaongozwa na muuguzi tunayemuita titulere. Yeye anapima, anaandika, anatoa. Je, anaandika kwa kichwa chake? Hapana. Anafuata karatasi zinazoitwa ordinogramu, ambazo zinamwongoza hatua kwa hatua: mtoto ana homa, fanya kipimo cha malaria, kipimo kinasema ndiyo, angalia dalili za hatari, dalili hakuna, toa dawa hii kwa kilo hizi, dalili ziko, mpeleke hospitali mara moja. Tena munganga mkubwa wa zone anawajibika kuangalia kazi yake. Muuguzi alipewa ruhusa, akapewa mafundisho, akawekewa mpaka, akawekewa mtu wa kumwangalia. Mambo manne. Tuyashike hayo manne, tutayahitaji mbele.

Historia pia inatufundisha. Tulipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, hakukuwa hata Mkongomani mmoja aliyemaliza masomo ya udaktari. Kulikuwa wasaidizi wa waganga, watu waliokuwa wanafanya kazi nyingi za munganga bila jina la munganga. Wabeleji wengi walipoondoka, watu wale hawakuambiwa tu "kuanzia leo ninyi ni madokta". Shirika la Afya la Dunia, OMS, liliwatuma karibu 60 kati yao Ufaransa kumaliza masomo, kisha wakarudi wakiwa madokta kamili. Kazi walikuwa wanaifanya tayari. Kilichoongezwa ni masomo, kisha ruhusa, kwa mfuatano huo.

3. MFAMASIA ANAJUA NINI, NA HAJUI NINI?

Mfamasia wa kweli anasoma chuo kikuu si chini ya miaka mitano baada ya mtihani wa Serikali. Hata Bukavu, Chuo Kikuu cha Serikali, UOB, kinafundisha farmasia. Mtu huyo anajua dawa imetengenezwa na nini, inapita wapi ndani ya mwili, inatoka namna gani, na inagombana na dawa gani nyingine. Juu ya dawa yenyewe, mara nyingi anamzidi munganga.

Tunatoa mfano wa hapa Congo. Mwisho wa mwaka 2014 na katika mwaka 2015, kule Ituri, watu zaidi ya 1,000 walifika hospitali shingo na uso vikiwa vimekazika na kupinda. Waganga walifikiri ni ugonjwa wa utando wa ubongo, meninjiti. Walitibu hivyo, na watu hawakupona. Mwishoni vidonge ambavyo wagonjwa walikuwa wamekunywa vilipimwa katika maabara. Juu ya kopo iliandikwa dawa moja ya kutuliza, diazepamu. Ndani ilikuwa dawa nyingine kabisa, haloperidoli, inayotolewa kwa wagonjwa wa akili. Ugonjwa ulitoka ndani ya kopo. Kosa la namna ile linatafutwa na watu wa elimu ya dawa.

Lakini mfamasia ana upungufu pia. Masomo yake ya kawaida hayamfundishi sana kuweka sikio kwenye kifua, kushika tumbo, kutofautisha homa ya malaria na homa ya tifoidi. Anajua dawa kuliko anavyojua mgonjwa. Kumpa kalamu ya kuandika bila kumwongezea ile nusu nyingine ni kumwonea yeye, na ni kutuonea sisi.

4. NCHI NYINGINE ZILIFANYA NAMNA GANI?

Uingereza walianza polepole. Mwaka 2003 mfamasia aliruhusiwa kuandika akifuata mpango uliokubaliwa na munganga. Mwaka 2006 akaruhusiwa kuandika mwenyewe, lakini kwa sharti la masomo ya ziada: siku zisizopungua 26 za mafundisho, na saa 90 za kufanya kazi kando ya mtu mwenye uzoefu wa kuandikia. Kwa wale wanaoingia kazini kuanzia 2026, mafundisho hayo yamewekwa ndani ya masomo yenyewe ya ufamasia. Tena tangu Januari 2024 kule Uingereza mfamasia wa mtaani anaweza kutibu magonjwa saba madogo yaliyotajwa kwa majina, kama maumivu ya sikio ya watoto na kidonda kilichotokana na kuumwa na mdudu. Yakizidi hapo, anamtuma mgonjwa kwa munganga. Katika Canada, jimbo la Alberta lilifungua njia hiyo mwaka 2007.

Msiseme kwamba hayo ni mambo ya Wazungu tu. Afrika ya Kusini wako na wafamasia waliosoma masomo ya ziada ya matibabu ya kwanza, na ambao wana kibali maalumu cha Serikali. Baadaye mpango mwingine ulitaka wafamasia waliofundishwa waweze kuwaanzishia dawa watu wenye virusi vya ukimwi. Kundi moja la waganga lilikataa, likapeleka shauri mahakamani. Agosti 2023 mahakama kuu ya Pretoria ilikataa shauri la waganga wale. Tunaona kwamba hata penye masomo na kibali, ubishi uko. Si jambo la kuamuliwa kwa haraka.

Jirani zetu wa Tanzania walichukua njia nyingine, na sisi tunaona hiyo ndiyo inafanana zaidi na hali yetu. Waliona kwamba vijijini wafamasia hawako, lakini maduka ya dawa yako kila mahali, na wauzaji wanatoa dawa ambazo hawana ruhusa nazo. Wangeweza kufunga maduka yote, lakini watu wangekwenda wapi? Basi mwaka 2003, katika mkoa wa Ruvuma, walianzisha kile kinachoitwa Duka la Dawa Muhimu. Muuzaji anafundishwa karibu wiki tano, duka linakaguliwa, na anaruhusiwa kutoa dawa za orodha fupi, zikiwemo antibiotiki chache. Mpango ule ulienea nchi nzima. Yule muuzaji hakufanywa munganga wala mfamasia. Alipewa kipande kidogo cha kazi, akafundishwa kipande kile, na akaambiwa mahali pa kusimama.

Mambo manne ya titulere yamerudi: ruhusa, mafundisho, mpaka, na jicho la mtu mwingine. Nchi hizi zinatofautiana kwa utajiri na kwa sheria, lakini hatukuona hata moja iliyotoa ruhusa peke yake.

5. KWETU, MASOMO GANI YANGEHITAJIKA?

Sisi si wabunge wala waganga, lakini mwanafunzi anaweza kufikiri. Tungeona vizuri kama mfamasia aliyesoma angeruhusiwa kuandikia magonjwa machache ambayo yanajulikana na kipimo kiko. Malaria isiyo kali ni ya kwanza. Congo ni ya pili duniani kwa malaria, nyuma ya Nigeria. Kipimo cha haraka kinatumia tone moja la damu na kinajibu kwa dakika kama kumi na tano au ishirini. Tangu mwaka 2005 nchi yetu imechagua mchanganyiko wa artesunati na amodiakini, unaotolewa kwa kilo za mgonjwa, mara moja kwa siku, siku tatu. Kazi ya namna hiyo ina njia iliyonyooka.

Lakini mbele ya kushika kalamu, mtu yule awe amejifunza haya:

(a) Kuuliza. Umri, kilo, homa tangu siku gani, dawa gani umekwisha kunywa, una mimba, dawa gani inakudhuru. Dawa kama tetrasiklini inaharibu meno ya mtoto aliye tumboni. Asiyeuliza hawezi kujua.

(b) Kupima. Joto, kilo, kipimo cha malaria, kuhesabu pumzi. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, hiyo si mafua tu, inawezekana mapafu yameshikwa. Kwa yule wa miezi miwili mpaka kumi na moja ni 50. Saa ya mkononi inatosha.

(c) Dalili za hatari. Degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunywa, kupotewa na akili, mkojo mweusi. Ukiona moja tu, usiuze kitu, tuma hospitali. Laiti yule muuzaji wetu angeuliza juu ya kutapika maneno mawili zaidi!

(d) Kuandika katika daftari. Jina, ugonjwa, dawa, kipimo. Mtu akirudi vibaya baada ya siku tatu, munganga apate jibu la swali lake.

(e) Kukataa. Hili ni somo gumu kuliko yote. Mama anafika, anasema "nipatie ile ya rangi mbili", pesa iko mkononi. Kumwambia "mama, ugonjwa wako hauhitaji hii" ni kupoteza mteja. Lakini antibiotiki zinazonywewa ovyo zinafundisha vijidudu kuishi nazo. Wataalamu walihesabu kwamba katika mwaka 2019 peke yake watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja juu ya vijidudu visivyosikia tena dawa.

Na masomo haya yasiwe ya karatasi tu. Mtu akae miezi kando ya titulere au munganga, aone wagonjwa kwa macho. Kisha mtihani, kisha kibali, na kibali kile kirudiwe baada ya miaka fulani.

Kuko sababu nyingine ya karibu sana. Mwaka 2024 ndui ya nyani, ile wanaita mpox, ilipoingia katika zone yetu, wagonjwa walilazwa Kavumu na Lwiro, na Agosti ya mwaka ule OMS ilitangaza hatari kwa dunia nzima. Mtu mwenye vipele anaweza kuanzia wapi? Ku farmasi ya karibu. Na Februari 2025, vita vilipofika Kavumu na Bukavu, kusafiri kulikuwa hatari, na duka la karibu lilikuwa tumaini la wengi. Yule aliye nyuma ya meza ndiye anayemwona mgonjwa wa kwanza. Kama hajui kitu, ugonjwa unampita mbele ya macho na unaendelea sokoni.

6. WANAOPINGA WANASEMA NINI?

Tusiwadharau, wako na maneno ya kweli. Neno lao kubwa ni hili: munganga anayeandika hauzi, kwa hiyo hana faida ya kuandika dawa nyingi. Mfamasia anauza. Mkono unaoandika ukiwa ndio unaopokea franga, nani atauzuia? Tena wanasema: leo macho ni manne, mawili ya munganga na mawili ya mfamasia, mmoja akikosa mwingine anaona. Ukiweka kazi zote kwa mtu mmoja, yanabaki macho mawili.

Sisi tunaona hilo ndilo neno zito kuliko yote, na ndiyo maana tunasema orodha iwe fupi, daftari likaguliwe, na mtu mwingine ahesabu vidonge na kuvitoa. Lakini tunawauliza nao: leo katika barabara yetu kuko macho mangapi? Yule aliyetupangia ya elfu tano hakuwa munganga, hakuwa mfamasia, hakuwa muuguzi. Watu wanabishana kama mfamasia aandike au asiandike, na wakati ule ule asiyesoma kitu anaandika kila siku bila kalamu. Kwa hiyo katazo linamshika tu mtu anayefuata sheria.

Ndugu mmoja alitucheka, akasema: "Hata Mtume Paulo alimwandikia Timoteo dawa ya tumbo, na hakuwa munganga!" Tulicheka pamoja naye, kisha tukafungua Biblia. Kwanza, Paulo alimfahamu mgonjwa wake sawa mtoto wake, alijua magonjwa yake ya mara kwa mara. Pili, alitaja kipimo, akasema iwe kidogo. Tatu, hakupokea pesa. Tungekuwa na wauzaji wa namna ile, gazeti hili lingezungumza mambo ya mpira.

7. SISI WANAFUNZI TUFANYE NINI?

Sheria za nchi haziandikwi ku Miti. Lakini bweni ni letu. Tulipatana na wakubwa wa mabweni yote, na Prefe wetu amekubali, mambo haya:

Kwanza, mwanafunzi mwenye homa hatanunuliwa dawa kabla ya kupimwa damu kwenye kituo cha afya. Pili, kila bweni litaweka sanduku dogo la mchango wa kila wiki, ili pesa ya fishi isitafutwe usiku wakati mtu anaumwa. Tatu, ukinunua dawa popote, uliza maneno matatu: ni ya ugonjwa gani, ninakunywa ngapi kwa siku ngapi, na nikiona nini nikimbilie hospitali? Anayeshindwa kujibu, msalimu kwa heshima, rudisha franga mfukoni, ondoka. Nne, usimpatie mwenzako dawa iliyobaki kwako, hata kama mnalala kitanda kimoja juu ya kingine. Wewe pia utakuwa umemwandikia.

Na kwenu ninyi wa mwaka wa sita, hasa wa kemia na biolojia. Mtihani wa Serikali umekaribia. Wengi tumeandika juu ya karatasi kwamba tunataka kuwa madokta, wengine wanasheria. Tunawaomba mfikiri juu ya farmasia pia, na juu ya uuguzi. Watu wanafikiri mfamasia ni muuza duka aliyevaa vizuri. Lakini siku sheria zitakapofungua ule mlango, nani atakuwa amesoma ili aingie? Kama hakuna, mlango utaingiwa na walewale, na tutakuwa tumewapa kibali.

Tunamalizia na ungamo. Katika mambo ya mdogo wetu, si yule muuzaji peke yake aliyekosa. Sisi tulikuwa wakubwa, tuliaminiwa na wazazi, na tulichagua mahali pa bei ndogo juu ya uvivu wa kusimama mstarini. Tulimwomba mdogo wetu msamaha mbele ya bweni lote. Alisema ametusamehe, kisha akatuuliza kama zile elfu tano tulirudishiwa. Tulimjibu hapana. Akasema: "Basi, mwezi ujao ziwekeni mu sanduku."

Zimekwisha kuwekwa.

Bwana awape afya njema na akili ya kuichunga.

Kwa jina la wakubwa wa mabweni,
Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa 6